Voisimeli ilianzishwa na nani? Sentensi moja, tarehe nne

KalamuNyeusi (Jinja)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Makala ya Kiswahili kuhusu historia ya voisimeli (huduma ya simu ya kumwachia mtu ujumbe wa sauti asipopatikana), kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, imekwama kwenye sentensi yake ya kwanza. Mwanzoni ilisomeka hivi: "Voisimeli ilivumbuliwa na Gordon Matthews wa Texas mwaka 1979." Mhariri mwingine akaifuta, akaandika IBM, 1973. Wa tatu akamleta Valdemar Poulsen wa Denmark, 1898. Wa nne hakuleta chanzo kabisa, ameandika tu kwamba ilianza 1988 "kampuni za simu zilipoitoa". Sentensi imeshabadilishwa mara tisa, na kila mmoja anadai mwenzake anapotosha.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kati ya hao wanne, nani yuko sahihi? Hataza ya Matthews yenyewe, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, inakubalika kama chanzo, au lazima kwanza mtu mwingine awe ameandika juu yake? Na sehemu ya Uganda ina maneno haya: "Voisimeli iliingia Uganda mwaka 1995 kupitia Airtel." Chanzo chake ni blogu isiyo na tarehe wala jina la mwandishi. Niiache, niifute, au kuna mahali pa kutafuta ushahidi?

MzeeWaBombo

Mwanangu, usijitese. Matthews alipofariki Februari 2002, magazeti makubwa ya Marekani yalimtaja katika taazia kuwa mvumbuzi wa voisimeli. Hataza anayo, kampuni alianzisha, na mteja wake wa kwanza, kampuni ya 3M, anajulikana. Weka jina lake, weka gazeti, funga ukurasa.

BiNyaraka (Kampala)

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, taazia ndiyo chanzo dhaifu kuliko vyote vilivyotajwa hapo. Huandikwa ndani ya siku moja mbili, na sehemu kubwa hutoka kwa familia na waliofanya kazi na marehemu. Inatosha kwa umri na tarehe ya kifo. Haitoshi kwa neno "wa kwanza", kwa sababu mwandishi wake hakupewa kazi ya kuwatafuta waliotangulia. Chukua ile hadithi ya Matthews kuona pipa la taka limejaa vikaratasi vya waridi vya "fulani alikupigia", ndipo wazo likamjia. Huenda ni kweli kabisa, lakini shahidi ni yeye mwenyewe. Iandikwe "Matthews alisimulia kwamba", na iishie hapo.

KalamuNyeusi, swali lako la hataza ndilo zuri. Fungua ukurasa wa kwanza wa hataza ya Marekani namba 4,371,752. Kuna tarakimu ndogo pembeni mwa kila kipengele, na hizo ndizo za kusoma kabla ya maneno yoyote. Penye 22 ni tarehe ombi lilipowasilishwa: 26 Novemba 1979. Penye 45 ni tarehe hataza ilipotolewa: 1 Februari 1983. Penye 75 ni wavumbuzi, na hapo utakuta majina matatu, la Matthews likiwa mojawapo. Penye 73 ni mmiliki: kampuni ya ECS, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la baadaye, VMX. Penye 56 kuna orodha ya hataza za nyuma zilizozingatiwa katika ukaguzi. Anayetaka kubishana juu ya "wa kwanza" aanzie kwenye orodha hiyo, maana humo ndimo zilimo hataza za waliotangulia.

Sasa irudie sentensi yako. "Ilivumbuliwa mwaka 1979" imeifanya tarehe ya kupeleka karatasi kuwa tarehe ya kuvumbua. "Na Gordon Matthews" imewafuta watu wawili walioandikwa kwenye hati ileile unayoitegemea. Ni makosa mawili katika sentensi moja.

Hataza inakubalika kwa yale iliyoandikwa usoni pake: namba, tarehe, majina, na madai yaliyoorodheshwa mwishoni. Haikubaliki kwa hukumu ya historia. Tena, hadi 16 Machi 2013 sheria ya Marekani ilimpa haki aliyevumbua kwanza, wala haikujali sana nani aliwahi kuwasilisha. Kwa hiyo hata mahakamani kwao, tarehe iliyo penye 22 haikuwa neno la mwisho. Na usinukuu kichwa cha hataza wala muhtasari wake ukasema "hiki ndicho kilicholindwa". Kinacholindwa ni madai, ambayo huanza baada ya maelezo yote, kila moja na namba yake. Hapo wengi hawafiki.

Waya_Shaba (Mbale)

Mtabishana mpaka kesho kama hamjasema voisimeli ni nini. Tarehe zote nne ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake.

Poulsen alitengeneza mashine iliyonasa sauti kwa sumaku kwenye waya wa chuma, na mojawapo ya matumizi aliyokusudia ni kunasa ujumbe wa simu mwenye nyumba asipokuwepo. Hataza yake ya Marekani, 661,619, ilitolewa Novemba 1900. Hiyo ni mashine ya kuitikia simu: simu moja, mashine moja, waya mmoja au baadaye kaseti moja, vyote mezani kwako. Ukihama nyumba unaihamisha. Si voisimeli, ni babu yake.

IBM walianza kazi yao 1973 katika maabara ya Yorktown Heights, Stephen Boies akiwa miongoni mwa waongozaji, na mfano wa kwanza ukafanya kazi 1975. Waliuita Speech Filing System. Sauti iligeuzwa kuwa tarakimu, ikawekwa kwenye diski ya kompyuta, na mtu akaiendesha kwa vibonyezo 12 vya simu ya kawaida. Lakini angalia ulivyotumika: mfanyakazi anapiga simu kwenye mtambo, anarekodi, anaelekeza ujumbe kwa wenzake, nao wanausikiliza wakiwa na nafasi. Simu ya mtu haikulazimika kulia kwanza. Kwa mtu wa leo hiyo ni voisnoti ya WhatsApp inayopita kwenye waya wa ofisi.

Mtambo wa Matthews nao uliwapa watu wengi masanduku ndani ya mtambo mmoja, na uliuzwa kwa kampuni yoyote iliyotaka. Hilo ndilo jipya lake lisilopingika: ilikuwa bidhaa sokoni, 1980, wakati mtambo wa IBM bado ulikuwa ukitumiwa na watu wa IBM wenyewe. IBM walitangaza mtambo wao kwa wateja 1981, wakiwa wameubadilisha jina kuwa Audio Distribution System. Mkiandika "IBM 1973" na "IBM 1981" bila kusema majina haya mawili ni ya mtambo mmoja, msomaji atadhani kuna mitambo miwili.

Na 1988 si upuuzi. Machi mwaka huo Jaji Harold Greene wa Marekani aliziruhusu kampuni za simu za mikoa, zilizotengwa na AT&T mwaka 1984, kutoa huduma hiyo. Kabla ya hapo walio nayo walikuwa hasa maofisi yenye suichibodi zao, yaani mitambo ya kuunganisha simu za ndani. Mtu wa nyumbani aliipata kwa wingi baada ya uamuzi ule. Kwa hiyo aliyeandika 1988 ameeleza lini ilifika kwa mwananchi, tena wa Marekani tu.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo makala nyingi huliruka, nalo ndilo linalotenganisha mitambo ya mwanzo na voisimeli tunayoijua. Simu isipopokelewa, suichibodi huihamishia kwenye mtambo wa sauti. Mtambo unaona simu imeingia, lakini haujui alikuwa anatafutwa nani. Lazima suichibodi iuambie: "hii ilikuwa ya ekstensheni 214, haikujibiwa". Bila taarifa hiyo mpigaji husikia salamu ya jumla na kuombwa abonyeze upya namba ya mtu anayemtaka. Wengi hukata hapo. Taarifa hiyo ilipitishwa kwenye waya wa data wa pembeni kati ya suichibodi na mtambo, na kwa njia hiyohiyo mtambo ulirudisha amri ya kuwasha taa ya "una ujumbe". Kampuni kama Octel, iliyoanzishwa 1982, zilistawi kwa kuunganisha mtambo wao na suichibodi za watengenezaji wengi tofauti. Kwa hiyo chanzo kikisema "ilijibu simu zilizokosa mtu", uliza: ilijuaje ni sanduku la nani? Chanzo kisichosema hapo usikibebeshe zaidi ya kilichosema.

MzeeWaBombo

Marahaba BiNyaraka. Waya_Shaba umeeleza vizuri, ila ukiwapa wasomaji tarehe nne, watauliza tena nani wa kwanza. Msomaji anataka jina.

Waya_Shaba (Mbale)

Mzee, wapewe jina pamoja na kazi yake. "Wa kwanza kuuza", "wa kwanza kujenga mfano uliotumika ofisini", "wa kwanza kunasa sauti kwa sumaku". Neno "wa kwanza" likisimama peke yake halina kitenzi, ndiyo maana kila mtu analivuta kwake.

Halafu kuna hesabu ya kupimia madai yaliyotiwa chumvi. Sauti ya simu ya kawaida ikiwekwa kidijitali bila kubanwa hula kilobiti 64 kwa sekunde, yaani baiti 8,000 kila sekunde. Ukiibana mara mbili, baiti 4,000. Diski kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1970, zile za ukubwa wa mashine ya kufulia, zilibeba kama megabaiti 300. Gawanya: baiti milioni 300 kwa 4,000 ni sekunde 75,000, yaani dakika 1,250, au saa 20 na dakika 50. Bila kubana ni nusu ya hapo. Wape watu 500 masanduku kwenye diski hiyo: kila mmoja ana dakika mbili na nusu. Ukikuta ukurasa unaodai mtambo wa 1975 ulihifadhi "maelfu ya saa za mazungumzo", huhitaji kutafuta chanzo kingine ili uanze kuutilia shaka. Ila hesabu hii isiingie kwenye makala. Ni ya kukuonya wewe mhariri, maana hakuna aliyeichapisha kuhusu mtambo huo hasa.

Kidepo77

Kuna ugonjwa mwingine haujatajwa: vyanzo vinavyonukuana kwa duara. Kamusi elezo inaandika kitu bila chanzo, gazeti linanakili, kisha mtu anarudi na gazeti kama chanzo cha kamusi elezo. Kwenye voisimeli umeenea kweli, kwa sababu makala ya Kiingereza ni ndefu na kurasa nyingi za "historia ya simu" zimekata vipande vyake.

Namna ya kuupima: chukua maneno manane hivi mfululizo kutoka kwenye sentensi inayobishaniwa, yawe maneno yasiyo ya kawaida, uyaweke ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya kutafutia. Andika tarehe ya kila ukurasa unaotokea. Kisha fungua historia ya makala kwenye kamusi elezo, rudi nyuma kwa kugawa nusu: tazama toleo la katikati, sentensi ikiwemo, rudi nyuma zaidi, isipokuwemo, sogea mbele. Katika matoleo 1,000 utafika kwa hatua kumi. Sasa una tarehe iliyoingia. Chanzo chochote cha baada ya tarehe hiyo chenye maneno yaleyale kiweke pembeni. Kikiwa na maneno tofauti na kitu cha ziada, mfano jina la jalada au ukurasa wa kitabu, hicho bado kina uhai, kisome.

Makosa ambayo duara hilo huyabeba ni ya aina ileile: mwaka bila kusema ni mwaka wa nini, jina la kampuni la leo kwenye tukio la zamani, na "ilianzisha" mahali ambapo hati inasema "ilitangaza". Kuna tofauti ya kutangaza, kuuza na kufunga mtambo. Kati ya moja na jingine inaweza kupita hata miaka miwili.

Kurasa za kampuni nazo zinahitaji uangalifu. VMX iliungana na Octel 1995, Octel ikanunuliwa na Lucent 1997, sehemu hiyo ikawa Avaya mwaka 2000. Kila aliyerithi alirithi pia hadithi ya "sisi tulianza", na kila aliyeandika upya tovuti alifupisha kidogo. Tumia nakala ya zamani zaidi iliyohifadhiwa kwenye hifadhi ya mtandao, na uandike tarehe ya nakala pamoja na tarehe uliyoisoma wewe.

BiNyaraka (Kampala)

Naongeza kwa upande wa IBM, kwa sababu hapo kuna vyanzo vizuri kuliko watu wanavyodhani. John Gould na Boies waliandika juu ya mtambo wao katika majarida ya kitaalamu mwaka 1983 na 1984. Ni waliojenga wenyewe, kwa hiyo hawako huru na jambo wanalolisimulia, lakini makala zilipitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa na zinaeleza vitu ambavyo hakuna sababu ya kuvibuni: amri zilikuwa zipi, watumiaji walikosea wapi, walibadilisha nini. Ninaviamini kuliko taazia yoyote. Hata hivyo ni simulizi ya miaka kumi baada ya mwanzo. "1973" ndani yake ni tarehe ya kukumbukwa. Tafuta kama kuna ripoti ya ndani iliyoandikwa wakati ule. Isipopatikana, andika "kwa mujibu wa Gould na Boies".

Watu haohao walijenga mtambo wa ujumbe kwa Olimpiki ya Los Angeles 1984, ukiwa na lugha 12, ili wanamichezo waachiwe ujumbe na jamaa zao kwa simu. Makala yake ilitoka 1987. Nautaja kwa sababu naona mtego unakuja: Uganda ilikuwa na timu Los Angeles, na mtu atashawishika kuandika kwamba wanamichezo wetu walikuwa wa kwanza nchini kutumia voisimeli. Hapana. Hati zinasema mtambo ulikuwepo kijijini mwa wanamichezo na timu yetu ilikuwepo mashindanoni. Kuunganisha hizo mbili ni kazi ya mwandishi wa riwaya.

Sasa Uganda. Ile sentensi ifute leo, kwa sababu inajikana yenyewe. Mwaka 1995 iliyoanza hapa ni Celtel. Iliitwa Zain 2008, na jina la Airtel lilikuja 2010. Mwandishi aliyeweka Airtel kwenye 1995 ameonyesha kwamba hakuwa na karatasi ya wakati ule mkononi. Huenda mwaka ni sahihi na jina ndilo limekosewa. Huenda alichukua mwaka wa kampuni kuanza akaubandika kwenye huduma. Hatuwezi kujua kwa kumsoma yeye.

Pa kutafuta ni kwenye magazeti ya karatasi. New Vision ipo tangu 1986, Monitor tangu 1992, na maktaba kuu ya Makerere ina magazeti ya zamani. Usianze na habari, anza na matangazo ya biashara. Kipindi chenye rutuba ni kuanzia Oktoba 1998, MTN ilipoingia, kwa sababu ushindani ulizifanya kampuni zichapishe bei. Tafuta jedwali la viwango na ushuke hadi mistari ya chini, penye huduma za ziada. Ukipata neno, piga picha ya ukurasa wote, pamoja na sehemu ya juu yenye tarehe na namba ya ukurasa. Kipande kilichokatwa bila tarehe hakina kazi. Andika kama ni tangazo au habari, maana tangazo ni ahadi ya muuzaji. "Sasa inapatikana" na "hivi karibuni" si kitu kimoja, na mhariri mwenye haraka huvisoma sawa.

Usisahau kurasa za mwanzo za vitabu vya orodha ya simu, zile za maelekezo ambazo watu walizipita kutafuta namba. Huko kampuni hueleza huduma zake na namna ya kuzitumia. Ya kabla ya 1998 itakuwa ya UPTC, shirika la posta na simu, ya baada yake ni ya UTL, kampuni ya simu. Shirika lilipogawanywa, posta ilikwenda njia yake na simu njia yake. Ukinukuu, andika jina lililo kwenye jalada.

Waya_Shaba (Mbale)

Kwa simu za mkononi kuna kipimo cha kujua hali ya sasa. Piga *#62# kisha kitufe cha kupigia. Simu itakuonyesha kama laini yako imeelekezwa mahali fulani inapokuwa haipatikani, na namba ya huko. *#61# ni kwa simu isiyopokelewa, *#67# ni kwa laini ikiwa na shughuli. Namba ikitokea, mara nyingi ndiyo ya mtambo wa sauti wa mtandao wako. Kama laini imeelekezwa na huitaki, ##002# hufuta uelekezaji wote, pamoja na ule uliouweka mwenyewe, kwa hiyo andika namba zako kwanza.

Ila hicho ni kipimo cha leo, cha laini yako, kwenye mtandao wako. Hakisemi chochote kuhusu 1998, na picha ya kioo cha simu yako haiwi chanzo cha kamusi elezo.

Na kuhusu kwa nini voisimeli haikushika hapa kwetu, natabiri mtu ataandika "kwa sababu ya kubipu". Mantiki yake ipo. Simu ikilia ikakatwa bila kupokelewa, hakuna alama ya kujibiwa inayorudi kwenye mtandao, hivyo hakuna malipo. Voisimeli ikipokea, alama inarudi, na saa ya malipo inaanza kwa mpigaji hata akikata baada ya sekunde mbili. Anayebipu anatozwa bila kutaka. Kwa hiyo sanduku la sauti linaua bipu.

Kidepo77

Mantiki inaingia akilini, lakini ni maelezo ya jinsi mtandao unavyofanya kazi, hayathibitishi watu waliikataa kwa sababu hiyo. Utafiti wa Jonathan Donner wa 2007 kuhusu kubipu upo, na mahojiano yake yalifanyika Rwanda. Utumike kueleza kubipu ni nini na kanuni zake. Ukiuvusha mpaka wa Katuna ukasema "Uganda ilikuwa hivyo", umeongeza kitu ambacho mtafiti hakusema.

MzeeWaBombo

Haya, nimekubali. Nina neno moja tu la lugha. Wengine wanaandika "ujumbe wa sauti" badala ya voisimeli. Kijana wa Wandegeya akisikia "ujumbe wa sauti" anawaza WhatsApp. Mkiandika kwamba ujumbe wa sauti ulianza 1979, keshokutwa atakuja mtu awarekebishe aweke 2013, na atakuwa na chanzo!

BiNyaraka (Kampala)

Umenena, mzee. Na ukiangalia alichosema Waya_Shaba juu ya IBM, mkanganyiko si wa Kiswahili peke yake. Napendekeza: "mashine ya kuitikia simu" kwa ile ya mezani, "voisimeli" kwa huduma ya sanduku katika mtambo wa pamoja, "sanduku la sauti" kwa nafasi ya mtumiaji mmoja ndani yake, "ujumbe wa sauti" kwa kile kilichorekodiwa, uwe ndani ya chombo chochote. Maana hizi ziwekwe kwenye aya ya kwanza kabla ya mwaka wowote kutajwa. Pia liandikwe kwa herufi ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na kampuni Marekani iliyojiita Voicemail International, kwa hiyo ukikutana na neno hilo kwa herufi kubwa kwenye hati ya wakati ule, kagua kama linamaanisha kampuni au huduma.

KalamuNyeusi (Jinja)

Asanteni sana. Nimeandika upya, naomba mnisahihishe kabla sijaibandika:

"Voisimeli ni huduma inayohifadhi ujumbe wa sauti wa watumiaji wengi katika mtambo mmoja, kila mtumiaji akiwa na sanduku lake analolifungua kwa simu. Kwa mujibu wa Gould na Boies, kazi ya kujenga mtambo wa aina hii ilianza IBM mwaka 1973. Gordon Matthews na wenzake wawili waliwasilisha ombi la hataza Novemba 1979, wakapewa Februari 1983. Kampuni ya Matthews ilimuuzia 3M mtambo mwaka 1980. Mwaka 1981 hataza nyingine ya kuhifadhi sauti kidijitali ilitolewa kwa Kolodny na Hughes. Kampuni za simu za mikoa za Marekani ziliruhusiwa kutoa huduma hii Machi 1988."

Poulsen nimemhamishia kwenye sehemu ya "Vitangulizi". Sehemu ya Uganda nimeifuta yote kwa sasa.

BiNyaraka (Kampala)

Karibu sana, tena umeiweka vizuri. Marekebisho matatu. Hao Kolodny na Hughes, weka namba ya hataza, 4,260,854, na mwezi, Aprili. Ukiacha "1981" pekee, mtu ataona mwaka uko kabla ya 1983 na kutangaza kwamba wao ndio wa kwanza, akisahau kwamba analinganisha tarehe za kutolewa. Walinganishwe kwa tarehe za kuwasilisha, kwa wote wawili, au usiwalinganishe kabisa.

Pili, "ilimuuzia 3M mtambo mwaka 1980" inahitaji chanzo chake peke yake. Hataza haisemi hilo, na ukiiacha bila kitu msomaji atadhani limetoka humo.

Tatu, usiifute sehemu ya Uganda yote. Acha mstari mmoja wenye kichwa cha habari na alama ya "inahitaji chanzo", la sivyo yule wa Airtel atairudisha kesho akidhani ilisahaulika. Kwenye ukurasa wa majadiliano andika ulichokwisha kukagua na ambacho bado.

KalamuNyeusi (Jinja)

Sawa nyabo. Nitaweka hivyo. Kuna aliye karibu na Makerere anayeweza kuangalia New Vision ya Oktoba hadi Desemba 1998? Nitachukua Monitor ya miezi hiyohiyo nikija Kampala.

Kidepo77

New Vision niachie mimi. Nitaanza na matoleo ya Jumatatu hadi Ijumaa, kurasa za matangazo makubwa kwanza. Nisipokuta kitu nitaandika tarehe nilizopitia na zile ambazo nakala zake hazipo rafuni, ili atakayefuata asiyarudie yaleyale.